Gia ya Kwanza, Mlima wa Rondo

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Shule imefungwa, nami nimesahihisha hesabu za mtihani za darasa la nne mpaka adhuhuri. Kugawanya kumewashinda tena. Kisha nikaenda gereji, kwa sababu Baba aliniita.

Lori limeinuliwa juu ya magogo, tumbo wazi. Giaboksi ya zamani imelazwa juu ya gunia, nyeusi kwa mafuta machafu. Ile mpya si mpya. Imetoka kwenye lori zito la dizeli lililoachwa Nachingwea mashamba ya karanga yalipofungwa. Baba ameitafuta muda mrefu. Anaipapasa kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi.

Alinitambulisha kwa mafundi wote. Huyu ndiye mwalimu wangu. Mjomba Chilumba, kaka yake Mama, akadakia kwamba mwalimu hajui kusonga ugali, ni madonge matupu. Wakacheka. Nikacheka nao, huku nimeshika pindo la gauni lisiguse kitu.

Baba aliuona mkono wangu kwenye pindo. Akatazama pembeni.

Jumatano, 6 Agosti

Baba alitaka nimweleze hasa kitu hiki kitafanya nini. Fundi Hamisi ameshamweleza, ila anapenda kusikia kutoka kwangu. Nilichora kwa chaki kwenye ubavu wa lori, magurudumu yenye meno, dogo na kubwa.

Injini ni ile ile. Nguvu yake haiongezeki hata chembe. Kinachobadilika ni namna inavyofika kwenye matairi. Dizeli haipendi kukimbizwa. Huvuta vizuri ikizunguka polepole, bila kushtuliwa. Giaboksi ya zamani ilikuwa na gia nne, zimeachana mno. Mlimani, Baba akitoka ya pili kurudi ya kwanza, lori lilikuwa limeshapoteza mwendo. Moshi mweusi, injini inakohoa, kila mtu anasali. Hii ina gia tano na zimekaribiana. Ya kwanza ni fupi kabisa. Injini inazunguka mara nyingi ili tairi lizunguke mara moja. Mwendo unapungua, msukumo unaongezeka. Nilimwambia ni kama mwanamke anayepanda mlima na mtungi kichwani, anafupisha hatua. Alifurahi sana. Akamwita Mjomba aje asikie habari ya mtungi.

Fundi Hamisi akaongeza upande wa pili. Msukumo wote huo utapita kwenye ekseli za nyuma, zile nondo mbili zinazotoka kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya matairi ya nyuma, kwenda kwenye matairi. Zilizopo ni nyembamba na zimechoka. Nene zinakuja na meli kutoka Dar es Salaam. Mpaka zifike, mlimani watu wote washuke na mzigo upunguzwe. Baba akasema kwetu watu hushuka siku zote.

Nilielewa upesi kuliko Baba. Nilifurahi kwamba nimeelewa upesi.

Ijumaa, 8 Agosti

Imeamuliwa. Jamaa zake Rashidi watapanda Rondo Alhamisi ijayo kuleta posa. Mwenyewe hatakuja, ndivyo desturi. Atakuja mama yake, Bi Zuhura, pamoja na shangazi yake na wazee wawili. Rashidi ni karani wa forodha hapa Lindi. Ana sauti ya chini na husoma kila kitu anachokiona, hata karatasi za kufungia sukari. Nampenda. Sijawahi kuliandika neno hilo.

Kwetu Wamwera anayejibu posa ni mjomba. Baba atakaa pembeni tu. Rashidi anajua. Jana aliuliza mjomba wangu anafanya kazi gani, mama yake anataka kujua. Nikasema ana mashamba ya mikorosho.

Si uongo. Anayo.

Sikusema kazi yake nyingine. Chini ya mlima wa Rondo lori husimama, abiria hushuka na kupanda kwa miguu. Mtu mmoja hutembea sambamba na tairi la nyuma, kabari ya mpingo begani. Lori likisita, anaitupa nyuma ya tairi lisirudi. Taniboi yeyote, msaidizi wa dereva, angeweza. Lakini Mjomba aliuza korosho za misimu miwili ili Baba apate lori hili, na hamwamini mtu mwingine na kabari. Hupanda kifua wazi, kaptula imepasuka nyuma, akiwatania abiria wanene. Mwaka jana nilimwomba aache. Akasema sehemu yake ya lori ni matairi ya nyuma, lazima ayaangalie.

Kutwa nimefikiri jambo moja, Bi Zuhura akimwona vile. Naona aibu. Tena naona aibu kwa kuona aibu, na haipungui.

Jumapili, 10 Agosti

Baba alilijaribu lori mpaka Mchinga, likarudi na nazi. Nilikwenda naye. Linaondoka bila kushtuka. Zamani kila gia ilitupiga migongo. Sasa gia inaingia, injini inashusha sauti kidogo tu, kisha inaendelea kuvuta pale pale ilipoachia. Kwenye mchanga wa karibu na pwani tulipita bila kuteleza, polepole, kwa ubishi. Baba aliimba. Sijamsikia akiimba tangu niondoke nyumbani kwenda shule.

Jumatano, 13 Agosti

Meli haijaonekana. Ekseli bado.

Baba amepakia saruji na chumvi ya mwenye duka wa Rondo. Amekasirika, alitaka kupunguza, mwenye duka hataki kusubiri. Si kitu, anasema, kesho tutashusha watu, na saruji nusu tutaiacha chini ya mlima tuirudie.

Nimempelekea Mjomba kanzu na kofia. Nimemwambia avae tukishafika. Akauliza kwa nini si njiani. Nikasema vumbi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mjomba yuko hospitali. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika.

Bi Zuhura alikuja na buibui jipya na kikapu cha halua. Mjomba alimpa mkono apande kwenye ngazi ya kebini. Bi Zuhura akampa kikapu, akasema, "Shika vizuri, taniboi, isimwagike." Mjomba alinitazama. Alikuwa anasubiri. Ilikuwa nafasi ya kusema neno moja, na wote wangecheka, yeye wa kwanza. Nikajishughulisha na mtandio wangu. Mjomba akapanda nyuma, juu ya magunia, pamoja na shangazi na wazee wale wawili, kikapu mapajani.

Njia nzima nilikaa katikati ya Baba na Bi Zuhura. Mgeni wetu alisifu barabara, akasifu dereva. Aliniuliza kama mjomba wangu ni mtu mkali. Nikasema ni mtu wa heshima.

Chini ya mlima Baba alianza kukata kushoto, pale tunaposimama siku zote. Mjomba alishapiga bati la kebini kuashiria yuko tayari. Nilijua kitakachofuata. Watashuka. Bi Zuhura atapanda mlima kwa miguu na viatu vyake vya mjini, na mbele ya macho yake, njia nzima, Mjomba, kifua wazi na kaptula ile. Kisha tukifika nimwambie, ndiye huyu.

Nikamwambia Baba kwa Kimwera, asielewe Bi Zuhura, kwamba gia mpya inatosha. Wageni ni watu wazima. Asituaibishe.

Baba akasema ekseli.

Nikasema mara hii moja tu.

Hakubishana. Akasema, "Haya, mwalimu." Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningepumua leo. Aliamini kwamba mimi najua.

Na mimi nilijua. Hilo ndilo. Sikukosea hesabu. Nilijua saruji yote imo, nilijua ekseli ni zile zile, nilijua nilichochora kwa chaki. Nilitaka tu Mjomba akae juu ya magunia asionekane.

Gia ya kwanza ikashika. Tulipanda. Injini haikukohoa hata mara moja. Bi Zuhura akasema gari hili lina nguvu, mashallah. Mimi, nilivyo, nikaona fahari.

Kwenye kona ya juu kitu kilikatika chini yetu, kama tawi kavu. Sauti ya injini ikawa nyepesi ghafla. Lori likasimama. Kisha likaanza kurudi.

Baba alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mzigo uliishinda breki. Akavuta breki ya mkono, lakini ile hushika propela, ule mti wa chuma unaotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma, na ekseli ikishakatika propela haina inachokishika. Bi Zuhura akaanza kutoa shahada. Niliona kwenye kioo cha pembeni Mjomba akiruka na kabari. Siku zote huwa tayari pale pale kwenye tairi. Safari hii alitoka juu ya magunia. Akaanguka, akainuka, akakimbia kulifuata lori linalorudi. Hakuitupa kabari. Hapakuwa na nafasi. Aliiweka kwa mkono na kuisukuma kwa mguu.

Lori likasimama.

Nilishuka. Injini ilikuwa bado inazunguka, gia imeingia, matairi kimya. Nguvu yote ile na haina pa kwenda. Nakumbuka nilisimama nikiisikiliza kwanza, kabla sijamwendea. Nusu ya pumzi labda. Lakini niliisikiliza kwanza.

Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya tairi pamoja na kabari.

Jumapili, 17 Agosti

Wamemkata vidole vitatu. Mguu utapona, kwa kuchechemea. Mama ameshuka kutoka Rondo, analala kwa jirani yangu. Haniulizi kitu. Ananiuliza kama nimekula.

Nilipotoka wodini nilikutana na Rashidi na mama yake langoni. Wameleta uji na machungwa. Nilimwamkia Bi Zuhura, akaitikia marahaba kwa upole, akanishika bega. Akauliza, "Yule taniboi wenu anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea vizuri.

Nikasema hivyo. Mara ya pili. Sasa hata mtandio sikuwa nao wa kujifichia.

Akasema posa haikuharibika. Mungu ametuokoa. Tutapanda tena siku nyingine kumwona mjomba wako, awe radhi, si kosa letu tulichelewa. Rashidi alinitazama kwa upendo. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 20 Agosti

Shule imefunguliwa. Nimefundisha kugawanya. Sikumbuki nilichosema.

Jumanne, 26 Agosti

Nilipita gereji. Madereva wawili walikuwa wamekaa nje juu ya tairi bovu, hawakuniona. Wanasema mzee amelewa giaboksi. Alitaka kuwaringia wakwe, akapandisha watu na saruji kwa ekseli za zamani. Mmoja akasema wenye maduka wawili wameshahamishia mizigo yao kwake. Hakusema kwa furaha. Alisema tu.

Baba alikuwa chini ya lori, pengine umbali wa magunia mawili kutoka kwao. Alisikia yote. Aliendelea kufungua nati.

Nilimwambia nitawaeleza. Akatoka chini, akajifuta mikono polepole. Akasema dereva ni yule aliyeshika usukani, abiria anaweza kusema anachotaka. Akasema nisirudie maneno hayo mbele za watu. Ningependa angenipiga. Hajawahi kunipiga maisha yangu yote.

Nilikuwa nimevaa gauni lile lile la siku ya kwanza. Nilikaa chini sakafuni nikampa spana moja moja. Zililipaka mafuta. Sijui nilidhani nini, kwamba mafuta yatalipa. Hayalipi kitu. Ni gauni limechafuka tu.

Jumamosi, 6 Septemba

Ekseli zimefika. Nene, zina rangi ya buluu mwishoni. Fundi Hamisi amezifunga. Sasa kila kitu kuanzia injini mpaka tairi kinalingana nguvu.

Mjomba ametoka hospitali na fimbo. Yuko kwangu mpaka lori lipande. Nimempikia ugali. Aliubonyeza kwa kidole, akasema kumbe kule hospitali walipompa usio na madonge walikuwa wanamwonea huruma tu. Nikalia. Akaacha nilie mpaka nikamaliza, akaendelea kula.

Kisha nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho. Gia, mtandio, langoni pa hospitali. Akasema mengine aliyajua. Alipiga bati chini ya mlima na lori halikusimama, akajua nani amesema. Tena alifurahi, hajawahi kupanda mlima ule amekaa. Mpaka kona ya juu alijiona kama bibi harusi.

Akafinyanga tonge. Akasema, "Taniboi si tusi, Somoe. Ila ulimwacha akanipa kikapu, na wewe upo."

 Akaomba mboga.

Mguu wake ni kosa langu na nitaulipia kwa kuutazama. Lakini mguu hakuutaja. Alitaja kikapu.

Ijumaa, 12 Septemba

Wanapanda tena keshokutwa. Bi Zuhura ameleta salamu kwamba safari hii ana halua mbili, moja ya yule taniboi aliyeumia. Ni mwanamke mwema. Hilo linazidisha.

Ningeweza kumwambia Rashidi kwanza, kwa faragha, aende akamweleze mama yake vizuri. Ingekuwa laini. Nimefikiri hivyo kutwa. Sitafanya. Nimeogopa aibu mbele za watu, basi nimalizane nayo mbele za watu.

Jumapili, 14 Septemba

Rondo. Nimekaa uani kwa Mama, wageni wanakula.

Leo asubuhi Lindi nilimpandisha Mjomba kebini, kanzu na kofia, fimbo katikati ya magoti. Bi Zuhura alipofika akamwona pale. Akashangaa, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona taniboi amekaa mbele.

Nikasema, na wazee wote wanasikia, "Huyu ndiye mjomba wangu. Ndiye mnayemwendea."

Uso wake ulibadilika mara kadhaa. Akaangalia kikapu mkononi mwake. Nadhani alikikumbuka kile cha kwanza. Akasema ningemwambia. Nikasema ndiyo, ningemwambia.  Kisha akaenda mlangoni pa kebini, akamwamkia Mjomba, shikamoo, ingawa wanalingana umri. Mjomba akaitikia, akamwambia safari hii kikapu abebe mwenyewe, yeye hana mikono, ana fimbo. Shangazi akacheka. Bi Zuhura hakucheka. Alikaa kando ya Mjomba. Mimi nikapanda juu ya magunia.

 Sijui Bi Zuhura atamwambia nini Rashidi. Sijui kama halua ile waliyoileta ni ya posa au ya kumaliza maneno. Mjomba atajibu baada ya chakula. Yeye ndiye mwenye jibu, na ana haki ya kunikatalia.

Chini ya mlima Baba akakata kushoto, akasimama.

Ekseli ni mpya. Gia ni ile ile nzuri. Lori lingetupandisha sote na saruji juu, Baba anajua, Fundi Hamisi amemhakikishia. Alisimama hata hivyo. Wazee wakashuka, Bi Zuhura akashuka akiinua buibui lake. Mjomba tu ndiye aliyebaki, kwa sababu ya mguu. Watu wakatazamana, nani atashika kabari.

Nilivua viatu, nikavirusha juu ya magunia. Nikaichukua kabari.

Ni nzito kuliko nilivyodhani miaka yote nikimwangalia. Upande mmoja ina alama ya meno ya tairi. Bega langu liliipokea vibaya, nikaihamisha, nikaipokea vibaya tena. Shangazi akasema kumbe kwetu Rondo walimu ndio mataniboi. Bi Zuhura alisimama nyuma kidogo na viatu vyake vya mjini. Nilisikia akivivua.

Baba alinitazama kwenye kioo cha pembeni.  Akatia gia ya kwanza.

Sikuwahi kulitambua hili nikiwa ndani. Gia ile mpya, kwenye mlima ule, huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sikuhitaji kukimbia wala kungoja. Tairi lilikuwa karibu na goti langu, likizunguka polepole, mawe madogo yakisagika chini yake. Injini ilivuta kwa sauti moja.

Tukafika kona ya juu. Tukapita. Tulipanda hivyo hivyo, lori na mimi, mpaka juu.